Mbwa wa Kuku Mwekundu

Tarehe 3 Oktobre

Nilikataa. Niandike hilo kwanza, ili siku moja mutu asije akasema Mado alijitakia mwenyewe. Nilikataa kwa upole, kisha nikakataa kwa sauti ya sokoni, na bado sasa hivi ninavyoandika kuna mbwa mukubwa kama ndama amelala kwenye barza yangu, kichwa juu ya kandambili za marehemu mume wangu.

Aliyemuleta ni Déo, mutoto wa mudogo wangu, muganga wa wanyama hapa Kasongo. Alimukuta kule Lusangi, kwenye depo moja ya madini iliyofungwa tangu kiangazi. Mwenye depo alikwenda zake, mbwa akabaki amefungwa kwenye nguzo, watu wanamutupia maganda ya mihogo. Déo akamufungua, akatembea naye kwa muguu mpaka kwangu, maana hakuna mutu wa moto, hizi pikipiki za abiria, aliyekubali kumupakia.

"Mama mukubwa, iko wiki mbili tu," akasema. "Ninamutafutia mutu muzuri wa kumuchukua kabisa. Kwangu haiwezekani, Chimène ametoka kuzaa mapacha."

"Sitaki mbwa mu parsele yangu, kiwanja hiki ni cha watu."

"Hatakusumbua. Hajui hata kubweka."

"Basi iko ya kazi gani?"

Akacheka, akaenda. Mume wangu alipokuwa hai tulikuwa tunagombana kila jioni, na tulikuwa tunafurahi. Tangu afe ninagombana na karatasi. Leo nimepata la kusema.

Tarehe 4

Bado yuko. Mvua.

Tarehe 8

Misa, halafu maswali. "Mama Mado, umenunua mbwa?" "Si yangu." Wamama wa kwaya niliwajibu hivyo, muuza chumvi nilimujibu hivyo. Hata shefu Placide, shefu wa katiye, mutaa wetu, aliponiuliza mbele ya nyumba yake, nilimwambia, "Si yangu, shefu. Anangoja mwenyewe."

Shingoni ana duara lisilo na manyoya, pale kamba ilipokuwa. Anakula bugali na vichwa vya samaki taratibu, bila pupa, na akimaliza anakaa mbali na sahani. Déo ameniambia nimupe jina. Sitaki. Nikimupa jina nitamuita, nikimuita atakuja.

Tarehe 12

Aibu leo. Mbwa amepita kwenye tundu la lupango, ua wetu wa mianzi, amekwenda kwa jirani yangu Muzee Djuma, ameingiza mudomo kwenye bilika lake la kutawadhia na kunywa maji yote. Muzee Djuma alikuwa amesimama pale pale, mikono ya kanzu imekunjwa, anajitayarisha kwa adhuhuri.

Hakunitukana. Ingekuwa afazali. Alichukua udongo, akasugua lile bilika, akaliosha tena na tena, akihesabu kila mara kwa sauti ili nisikie ng'ambo. Alipofika saba nilikuwa nimejificha jikoni.

"Mama Mado," akaniita mwisho. "Mbwa ya kunyamaza hivi, mutu hajui inawaza nini."

"Si yangu, Muzee."

"Lakini inalala kwako."

Alikuwa rafiki mukubwa wa mume wangu. Tangu maziko hajavuka lupango, ni salamu tu kama watu wa barabarani. Nilidhani ni huzuni. Siku hizi nadhani ni ukali tu.

Tarehe 13

Nimeziba tundu kwa mianzi. Mbwa alinitazama nikifanya kazi, kisha akalala juu ya mianzi iliyobaki.

Tarehe 19

Amekuja mutu! Déo alimuleta: Papa Ruphin, muwindaji wa upande wa Wamaza, muzee mwembamba, maneno yake ni machache mpaka unafikiri anayalipia. Alimutazama mbwa meno, akamushika muguu mumoja mumoja, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Mbwa hakushtuka. Papa Ruphin akaitika kwa koo, "Mmm."

Hakumuchukua. Alisema anamaliza kupanda mupunga kwanza. Alipoondoka alifungua mufuko, akatoa kuku mwekundu aliyefungwa miguu, akamuweka mbele ya miguu yangu. "Ya nyumba," akasema.

Nikasema aksanti sana. Nikafikiri, kumbe muzee huyu ana adabu.

Tarehe 20

Kuku alikuwa munono. Kama kawaida ya huku kwetu nilimupelekea Muzee Djuma achinje, ili naye aweze kula, na pia ili aibu ya bilika ipungue. Akachinja. Nikapika na mafuta ya mawese, nikamutumia bakuli lenye paja. Bakuli limerudi tupu na limeoshwa, na ndani yake ndimu mbili. Mbwa alipata mufupa.

Tarehe 23

Nimejua leo nilichokula. Déo alipita, akaniuliza kuku yuko wapi.

"Tumboni."

Akashika kichwa. "Mama mukubwa! Kwa akina Papa Ruphin mbwa hauzwi, na hatolewi mikono mitupu. Anayemutaka analeta kuku. Nyumba ikikula ile kuku, mbwa imekwisha kwenda. Inabaki tu kulala hapo."

"Sasa kwa nini hukunieleza mbele?"

"Nilifikiri unajua."

Mimi ni mutu wa Kasongo, ningejua wapi mambo ya Wamaza? Kwetu kuku wa mugeni ni kuku wa mugeni. Lakini tumecheka sana. Basi, imekwisha: mbwa ana mwenyewe, mimi nitapata barza yangu.

Tarehe 2 Novembre

Mvua imebeba daraja kwenye njia ya Wamaza. Hata moto hazipiti. Papa Ruphin hatakuja karibuni.

Nilisema "Ee Mungu" na sijui nilikuwa ninalalamika au ninashukuru.

Tarehe 9

Siku hizi ananisindikiza shambani. Simuiti. Ninachukua jembe, anasimama. Njiani anatembea upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo, na tukikutana na mutu anakaa chini mpaka yule apite. Nikilima, analala mwisho wa tuta. Nikifika kwake anahama, anakwenda mwisho mwingine.

Na ana tabia moja. Nikisimama kupumzika anakuja ananiegemea. Si kwa kichwa tu, ni kwa uzito wake wote, kama mutu aliyechoka na safari. Siku ya kwanza nusura niangukie karanga. Leo nilitanguliza muguu ili nimupokee vizuri.

Nimeona jambo lingine: wiki nzima sikuandika. Jioni nilikuwa ninaongea na yeye. Nilimueleza habari ya binti yangu Nadine kule Kindu, anayetaka nihamie kwake nikalee watoto wake. Nilimueleza kwa nini sitaki. Mutu mwingine sijamueleza.

Tarehe 15

Karanga zimetoa maua. Mbwa amekanyaga mustari muzima, nimemutukana mpaka ukoo wake. Alinisikiliza.

Tarehe 21

Nimefanya jambo na sitaki Déo ajue. Nimenunua kuku wawili, wote wekundu, wakubwa kuliko yule, nikampa Blaise mwenye moto awapeleke mpaka kwenye daraja, kisha watu wa ng'ambo wawafikishe kwa Papa Ruphin. Maneno yangu: "Kuku yako hii hapa, na nyongeza. Mbwa abaki."

Yule muzee ana mbwa wengine. Ni muwindaji. Atamufunga kengele ya muti shingoni, atamuingiza porini, nguruwe atamupasua tumbo siku ya kwanza. Mbwa huyu hajui kukimbiza hata kifaranga! Mbwa wa kuegemea watu, wewe unamupeleka kwa nguruwe?

Tarehe 27

Kuku wamerudi, wamekonda kwa safari. Jibu la Papa Ruphin kwa mudomo wa Blaise: "Hapana. Ile mulikula."

Maneno matatu! Mutu hata hakusalimia. Nimemuchukia leo, nimemuchukia kabisa, na Mungu ananiona.

Tarehe 30

Mbwa mumoja ameuma mutoto upande wa soko, kisha akafa na povu mudomoni. Watu wanasema ni wazimu wa mbwa. Mutoto amepelekwa hospitali. Mungu amusaidie.

Tarehe 2 Desembre

Watu wa shefu wamepita na filimbi kutangaza: mbwa wote wasio na mwenyewe watauawa katika katiye zote. Déo anasema vaksini anazingoja kutoka Kindu na hazijafika. Nimemufungia jikoni. Amekubali, kama anavyokubali kila kitu, na ndicho kinachoniogopesha.

Tarehe 5

Nitaandika yote, hivyo hivyo yalivyokuwa.

Walikuja asubuhi. Nilikuwa nimemutoa kidogo tu akojoe, akajilaza kwenye barza. Nilisikia kwanza kelele kwa Mama Jeannette, nyumba ya tatu. Mbwa wake mudogo alikimbia, wakamukimbiza, kisha kelele zikakatika. Halafu wakaingia kwangu: shefu Placide mbele, vijana nyuma yake na fimbo, mumoja na mukuki.

Mbwa mwingine angekimbia. Huyu aliwatazama, akapiga mukia chini. Alidhani ni wageni. Yule wa mukuki akasogea, mbwa akazidi kupiga mukia.

Nilikwenda nikasimama juu yake, muguu huku na muguu huku, mimi mwanamuke wa miaka yangu, na kitenge kimepanda.

"Mama Mado," shefu akasema, "toka hapo. Hii mbwa iko ya nani?"

"Yangu."

Akatikisa kichwa. Si mutu mubaya, niandike hilo pia. Uso wake ulikuwa umechoka. "Mama, weye mwenyewe uliniambia, bibi yangu akisikia: si yangu. Uliambia soko, uliambia kanisa. Leo imekuwa yako kwa sababu tumekuja na fimbo? Kila mutu akisema hivyo, nitamuambia nini mama ya yule mutoto?"

Mudomo wangu mwenyewe ulikuwa umemuua, wiki kwa wiki, nyumba kwa nyumba.

Ndipo nikasikia mianzi inavunjika. Muzee Djuma alikuwa anapita kwenye lile tundu nililoziba, na kanzu yake nyeupe, yeye ambaye tangu maziko hajaweka muguu kwangu.

"Mama Mado anadanganya," akasema. "Mbwa si yake."

Mungu wangu! Nilidhani amekuja kunimaliza.

"Ni ya Papa Ruphin wa Wamaza," akaendelea. "Alileta kuku, kuku mwekundu. Mimi ndiye niliyechinja, na nikala paja. Mukiua mbwa ya mutu ambaye kuku yake iko tumboni mwangu, siku akija nitamwambia nini?"

Shefu Placide, mama yake ni wa Kabambare, upande ule ule wa Wamaza. Mara moja alielewa. Alinigeukia. "Ni kweli, Mama? Mulikula?"

Nikisema hapana, wanamupiga pale pale chini ya miguu yangu. Nikisema ndiyo, nimemutoa mbele ya watu, na kuku wangu wawili hawatafaa kitu tena. Chini yangu alikuwa anahema taratibu, ninasikia joto lake kwenye vifundo vya miguu.

"Ndiyo," nikasema. "Tulikula."

"Basi ana mwenyewe," shefu akasema. "Afungwe mu parsele. Mwenyewe aje amuchukue mbele ya Noeli. Asipokuja, Mama, nitarudi, na hatutaongea tena."

Walipoondoka niliketi chini. Muzee Djuma aliokota mianzi iliyovunjika, akaanza kuirudisha mahali pake.

"Aksanti, Muzee."

"Usinishukuru. Bilika yangu asiiguse."

Lakini alikubali chai. Alikunywa akiwa amesimama, akitazama kiti cha mume wangu. "Nikiingia hapa ninamusikia akinitania," akasema. "Ndiyo maana siingii." Nami nilimuita mukali karibu miezi miwili.

Tarehe 6

Nimemufunga kwa kamba. Alinyoosha shingo mwenyewe nimufunge, pale pale penye alama. Nimelia.

Tarehe 10

Mvua. Blaise amepeleka ujumbe. Hakuna jibu.

Tarehe 14

Mvua. Ninaomba Papa Ruphin aje, ninaomba asije. Mungu atanichoka.

Tarehe 17

Muzee Djuma naye ametuma habari kwa watu wa musikiti wa kule Wamaza. Shefu alipita barabarani, hakuingia, alitazama tu mbwa na kunisalimia. Vijana wa fimbo wanasema Noeli imekaribia.

Tarehe 22

Wamekuja. Wawili.

Papa Ruphin alitangulia, matope mpaka magotini, na nyuma yake mwanamuke ameshika kamba ya mufuko wake kama mutoto anavyoshika kitenge cha mama. Ni mke wake, Régina. Nilimupa kiti akakihamisha, akakaa mugongo kwenye ukuta, macho barabarani. Nilipoweka sahani mezani kwa kishindo kidogo, alishtuka mwili muzima.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumuchoma Papa Ruphin, tangu Novembre nilikuwa ninayanoa. Nikaanza: "Sasa, Papa, huyu mbwa nguruwe atamuua siku moja tu."

"Nguruwe gani?"

"Si unawinda naye?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mupumbavu, na kweli ni mimi. "Mbwa ya hivi awinde nini, Mama? Mbwa ya kuwinda ninao." Akamuonyesha mke wake kwa kidevu. "Hii ni yake."

Ndipo alipozungumza, polepole, maneno mengi kuliko yote niliyosikia kwake. Mwaka juzi watu wenye silaha walimukamata Régina kwenye njia ya shamba. Alirudi siku ya pili yake. Tangu siku hiyo hakuvuka jiko lake. Shamba limekuwa nyasi. Mume akimusindikiza shambani, hakuna wa kuwinda, na Régina akiachwa peke yake anajifungia. Mbwa wa kuwinda wanaruka na kupiga kelele, wanamutia hofu zaidi. Halafu Déo akamwambia kuna mbwa mukubwa, mutulivu kama mutu muzima, asiyeruka na asiyebweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama."

"Na kwa nini mumechelewa hivi?"

Hapo Régina mwenyewe alijibu, sauti ndogo. "Ni miye. Alitaka kuja peke yake, nikaogopa kubaki. Ilinichukua siku nyingi kutoka mu nyumba. Waliposema watamuua, nikatoka."

Nilimufungua mbwa. Alikwenda kwake moja kwa moja, akanusa mikono yake. Régina alifunga macho. Mbwa akageuka, akakaa, akamuegemea muguuni kwa uzito wake wote, na yule mama akatoa pumzi ndefu sana, kama mutu anayetua beseni la maji kichwani.

Nilidhani ananifanyia mimi tu. Nilisikia wivu mukali, niseme ukweli.

Tarehe 23

Wameondoka asubuhi, mvua ilipopumzika kidogo. Nilimupa bugali na samaki muzima, si kichwa. Muzee Djuma alisimama kwenye lupango lake, akainua mukono.

Walifika kwenye mwembe wa Jeannette, mbwa akageuka akarudi kwangu. Papa Ruphin akamukokota, akarudi tena. Basi nikaingia ndani, nikafunga mulango, nikaegemea pale. Nilisikia kucha zake kwenye barza, kisha akaketi upande wa pili wa ubao. Hakukwaruza. Aliketi tu kungoja, maana ndiyo kazi aliyojifunza maisha yake yote. Niliziba mudomo kwa kitenge. Neno moja tu langu angebaki, na shefu angerudi, na yule mama angerudi jikoni kwake.

Kisha Régina akaita. Mara ya kwanza kwa kunong'ona kama jana. Mara ya pili kidogo zaidi. Mara ya tatu alipiga kelele, "Njoo! Njoo, twende nyumbani!" sauti ya mwanamuke wa shamba anayeita ng'ambo ya muto, mpaka watoto wa jirani walitoka kuangalia ni nani.

Nilisikia kucha zikiinuka, zikishuka kwenye barza, zikienda.

Tarehe 25

Noeli. Déo, Chimène na mapacha. Nilipika bugali nyingi mno.

Tarehe 3 Januari

Tunavuna karanga. Bado ninatembea upande mumoja wa njia, ninaacha nafasi kushoto.

Tarehe 14

Nimekutana na Blaise sokoni. Daraja limetengenezwa, alikuwa Wamaza jana. Mama Régina ameniletea salamu: wamekwenda shambani peke yao, yeye na mbwa, mpaka mwisho kule kwenye muto. Amefyeka kipande cha kutosha mihogo. Alirudi jua likiwa limeinama, na hakukimbia njiani.

Niliketi kwenye gunia la mutu la muchele, nikalia mbele ya soko zima. Wauzaji wakaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna aliyekufa.

Blaise alingoja. "Nirudishe jibu gani, Mama?"

"Mwambie mvua za mwezi huu ni za baridi. Asimuache alale nje. Na samaki amutolee miiba, ana meno mabovu upande wa kulia, na akitazama mulango sana ni kiu, si kutoka anakotaka, na—"

"Polepole, Mama, nitasahau."

Alikuwa amekwisha kupanda moto. Niliinuka, nikamushika mukono.

"Basi, Blaise. Usimwambie kitu. Musalimie tu. Mbwa ni wake."